Magret, Mke wa Badar

"Magret! Jina la baba wa mtoto ni Badar, sivyo?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke, kwa Kiingereza cha puani, na ilitoka kwenye simu iliyoegemezwa chupa ya kahawa katikati ya ukumbi wa Bi Ghaniya, mjini Ibra, Oman, mbele ya wageni wote. Kisha simu ikakatika.

Hapo ndipo tulipoagana juma lililopita, na nasikia wako walionitukana kwa kuwaacha pale. Tukaneni, lakini taratibu. Bi Ghaniya mwenyewe alikuwa bado hajavuta pumzi.

Kwa aliyelichukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Badar ni mwana wa pekee wa kiume wa Bi Ghaniya. Yuko Marekani anasomea shahada ya uzamivu. Mkewe ni Alya, binti Bi Turkiya wa Sur; Alya yuko naye huko, na ana mimba ya miezi saba. Siku hiyo walikuwa wanachemsha tende za shamba, masufuria makubwa ya shaba yanatoa moshi uani, na wakwe kutoka Sur wamekuja kushuhudia na kula. Badar akapiga simu kuwaamkia wazee. Picha haikushika, sauti ikashika. Na nyuma ya sauti yake ikaja ile ya Mzungu.

Wengi ukumbini hawakuelewa ila maneno matatu: Magret, bebi, na Badar. Yalitosha. Lakini Bi Lamees, jirani aliyewahi kusomesha Kiingereza Dar es Salaam, hakutaka mtu apunjwe.

"Anasema hivi," akatangaza kwa sauti ya darasani. "Kuna Magret. Magret ana mtoto. Na baba wa mtoto ni Badar."

"Tumesikia, Bi Lamees," alisema Bi Ghaniya.

"Nawafasiria tu wasiojua."

Bi Ghaniya alimfikiria mwanawe. Badar huyu ambaye hata kanzu ya Idi alikuwa hawezi kuchagua mpaka mama yake amnyooshee kidole! Leo kawamudu vipi wake wawili, mmoja wao Mzungu?

Bi Turkiya alikiweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, na alipokuwa kimya watu walitazama milango iko wapi.

"Bi Ghaniya," alisema polepole. "Mie nilikupa binti. Sikukupa nusu ya binti."

"Mkwe wangu, hebu tumpigie tena mtoto tumuulize..."

"Kumuuliza nini? Jina lake? Kashalisema Mzungu!" Akatoa simu kwenye mkoba. "Aliyenisaidia kusherehekea harusi ndiye wa kunisaidia kuomboleza. Ahli zangu wote wa Sur wasikie sasa hivi."

Akabonyeza kurekodi. "Assalamu alaykum, jamaa zangu. Nawapa habari ya huzuni. Yule kijana tuliyemvisha joho..."

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Aliingia Rawya, kitinda mimba wa Bi Ghaniya, uso mwekundu kwa moto wa tende, mtandio umeangukia mabegani. Aliruka mto, akaruka sahani ya halua, akaipokonya simu mkononi mwa Bi Turkiya na kufuta.

"Khala, usitume! Wallahi ukituma utamuumiza Alya!"

Ukumbi mzima ukamgeukia Rawya. Kumbe anajua!

"Wewe," Bi Ghaniya alisema, "unamjua huyo Magret?"

Rawya alijifunga mtandio upya. Yeye ni wakili, anafanya kazi katika ofisi ya mawakili hapo hapo Ibra, na siku zote husema wakili mzuri hajibu swali asilolipenda. Lakini mbele ya mama yake uwakili wote ulimtoka.

"Namjua."

"Mzuri?" Bi Lamees aliuliza.

"Sana. Mama, hata wewe unamjua. Umemfundisha kupika mkate wa kumimina."

Bi Ghaniya aliutazama mlango wa jikoni. Mke mwenza wa Alya kaingia jikoni kwake, kala mkate wake, na yeye hana habari!

"Siwezi kusema hapa," Rawya alinong'ona. "Hii ni kesi mkubwa."

"Kesi *kubwa*," Bi Ghaniya alimrekebisha, maana hata dunia ikiwa inaanguka, Kiswahili cha Unguja hakiangushwi nyumbani kwake. "Twende wapi?"

Nyumba ilijaa watu. Jikoni walikuwemo wapishi, chumbani walilala watoto wa watu, uani walikuwa wanaume na masufuria yao. Mahali pa siri palikuwa pamoja tu: gari la Rawya, kwenye jua. Wakaingia wote watatu, Rawya mbele, wakwe wawili nyuma, wakafunga madirisha, wakafungulia kiyoyozi mpaka mwisho. Kikapuliza hewa ya tanuri.

"Sema," Bi Turkiya aliamuru.

"Magret ni Alya."

Bi Turkiya akapiga ukelele uliowafanya mbuzi wa jirani wajibu.

"Mwanangu amebadili dini!"

"Khala, la! Hajabadili kitu. Magret ni jina la mahkamani. Huko mtu akiogopa kujulikana, anaweza kumuomba jaji atumie jina la kubuni. Alya amefungua kesi, na mimi aliniomba ushauri kwa siri. Yule uliyemsikia kwenye simu ni msaidizi wa wakili wake, alikuwa akimjazia karatasi, amezoea kumwita hivyo hivyo."

Bi Ghaniya aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu ukumbini. Badar hana mke wa pili! Alitaka kucheka, alitaka kusujudu palepale kwenye kiti cha gari. Kisha neno moja likamrudia.

"Kesi," alisema. "Kamshitaki nani?"

"Rais."

"Rais wa chuo?"

"Wa Marekani, Mama."

Kiyoyozi kikaanza kuleta baridi. Hakuna aliyeihisi.

"Mjukuu wangu," alisema Bi Ghaniya, "hajazaliwa, kashagombana na Rais wa Marekani?"

"Si peke yake. Wako wengi."

Na hapo Rawya akaeleza, na nyinyi wasomaji mumsikilize vizuri, kwa sababu mambo haya yameshawashinda watu wazima wenye mavazi ya kijaji.

"Katiba yao ina kipengele, Marekebisho ya Kumi na Nne. Kiliandikwa baada ya utumwa kufutwa, ili watoto wa waliokuwa watumwa wasiambiwe wao si wa pale. Kinasema: aliyezaliwa katika nchi ile, akiwa chini ya mamlaka yake, ni raia. Sasa Rais katoa amri. Ikiwa baba si raia wala mkaazi wa kudumu, na mama yupo kwa viza ya muda au hana viza, basi mtoto asiandikwe raia. Badar na Alya wapo kwa viza ya masomo. Mtoto wao atakuwa mmoja wa hao."

"Majaji hawakumzuia?" Bi Ghaniya aliuliza.

"Walimzuia, nchi nzima. Lakini juzi mwezi wa sita Mahkama ya Juu Kabisa imesema jaji asizuie amri zaidi ya vile inavyohitajika kuwalinda waliokuja kwake. Hawakusema amri ni sawa, wala hawakusema si sawa. Wamesema tu kila jaji awaangalie walio mbele yake. Ndipo mawakili wakafanya mbio: basi tuwakusanye watoto wote waje mbele yake! Kesi ya kundi. Mmoja anasimama kwa niaba ya wote walio kama yeye. Na Alya ndiye..."

"Mie niko pamoja na Rais," Bi Turkiya alikata.

Rawya na mama yake wakamgeukia.

"Msinitazame hivyo. Mgeni akija kwangu kula Idi, uchungu ukamshika, akazaa ukumbini, mtoto ndiyo awe wa nyumba yangu? Nitamkaangia kuku, nitamtafutia mkunga, nitampa nguo. Lakini wa kwao ni wa kwao!"

"Wako maprofesa huko wanaosema karibu hivyo hivyo, Khala," Rawya alikubali. "Wanasema mzazi wa muda hajajifunga na nchi ile, kwa hiyo mtoto hayumo katika yale maneno, chini ya mamlaka yake."

"Umeona? Maprofesa!"

Bi Ghaniya alikuwa amesomesha nahau ya Kiarabu miaka mingi kabla hajastaafu, na maneno yakitajwa hupenda kuyashika mwenyewe. "Alya akipita taa nyekundu huko, anatozwa faini?"

"Kashatozwa, Mama."

"Alikataa kulipa? Alisema mimi mpita njia?"

"Alilipa."

"Basi yumo chini ya mamlaka yao. Wamemshika kwa taa, wamshike na kwa mtoto."

"Faini si ujamaa!" Bi Turkiya alipiga goti. "Hata mimi nilitozwa faini Dubai, mbona hawakunipa pasi?"

"Hukuzaliwa Dubai!"

"Na huyu ndiyo kazaliwa? Yumo tumboni bado!"

"Ndiyo maana anataka kujua anatokea wapi!"

Walikuwa wanapiga kelele sasa, vidole vinagusana puani, majina ya katiba na ya mababu yanapita pamoja. Rawya alijaribu kusema, akashindwa, akalaza kiwiko kwenye honi. Piiiii! Uani wanaume wakaacha tende wakatazama gari. Bwana Muhanna, mume wa Bi Ghaniya, mzee mpole aliyekaa kivulini na kahawa yake, alipunga mkono kwa adabu, akidhani anaitwa.

"Mnagombana kama mawakili wa serikali," Rawya alisema. "Nampigia Alya. Mumuulize mwenyewe."

Alya alipokea haraka. Huko kwao ilikuwa bado asubuhi.

"Alya, niko na mama yako na mama yako wa pili. Wanajua."

Alya alishusha sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," wakaitikia wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akiamini shikamoo ni yake.

"Mwanangu," Bi Turkiya alisema, na sauti ilimgeuka, ikawa ndogo. "Mtoto wako ana baba Mmanga, ana kwao, ana bibi wawili. Na sheria ya huku haipendi mtu kushika pasi mbili, unajua. Uraia wa Marekani unautakia nini?"

"Siutaki, mama."

"Hee!"

"Mimi siutaki kwa ajili yangu. Kuna jirani yangu ghorofa ya chini. Amekimbia vita kwao. Mimba yake kama yangu, tunakwenda kliniki pamoja, ananisukia nywele. Mtoto wake asipoandikwa hapa, kwao hakuna hata ofisi ya kumwandika, imeungua. Lakini anaogopa mahkama. Anaogopa akisimama mbele wataanza na yeye. Tulikaa wanawake chumba kizima, wakili akauliza nani atasimama kwa niaba ya wenzake. Hakuna aliyesema kitu. Mimi nikajiona nimenyanyua mkono."

"Umenyanyua mkono!" Bi Turkiya alimaka. "Skuli nzima hukunyanyua mkono hata siku moja!"

"Ndiyo leo, mama. Mimi wakinikasirikia sana wataniambia rudi kwenu. Nitarudi Sur. Sur kuna nini cha kuogopa?"

"Kuna mimi!"

Alya alicheka huko, Rawya akacheka huku, na Bi Turkiya akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akidai ni moshi wa tende, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

Bi Ghaniya hakucheka. Alikuwa amerudi mbali. Alikuwa na miaka kumi, wameshatoka Unguja, na Oman ya wakati ule ilikuwa haijawafungulia mlango. Walikaa Dubai, katika chumba cha kuazima, na hapo ndipo alipozaliwa mdogo wake Shihab. Karani wa hospitali alimuuliza baba yao, mtoto huyu wa wapi? Baba alimtazama mtoto. Kisha akasema, "Mtoto wangu." Na karani, wala hakuwa mtu mbaya, akajibu, "Hiyo si nchi, mzee."

Shihab leo ana wajukuu na shamba. Lakini Bi Ghaniya hajausahau uso wa baba yake pale dirishani.

"Alya," alisema. "Huyo jirani yako, anakula vizuri?"

"Kidogo, mama."

"Mpikie uji wa pilipili manga. Na hiyo kesi, endelea nayo."

"Bi Ghaniya!" alisema Bi Turkiya.

"Endelea nayo, nimesema. Badar anasemaje?"

"Badar anaogopa," Alya alijibu. "Anaogopea masomo yake, anaogopa watu wa mitandao. Wanaoshitaki hapa wanatishiwa, wanatukanwa. Lakini ametia sahihi kama baba, kwenye karatasi za siri anazoziona jaji tu. Ila kuna jambo, mama. Upande wa serikali unataka jina langu la kweli litajwe hadharani. Jaji ataamua Alkhamisi. Wakili anasema tuombe jina lisivuje. Likishajulikana, jaji atauliza, siri gani tena mnataka niifiche? Mkiulizwa na mtu, hamumjui Magret. Tafadhali."

"Hatumjui," waliahidi wote.

Na hapo hapo, kioo cha gari kikagongwa.

Ngo ngo ngo!

Alikuwa Bi Lamees, ameinama, uso umejaa huruma, simu mkononi. Rawya alikata mazungumzo na kushusha kioo kidogo sana.

"Poleni, wenzangu," Bi Lamees alisema kupitia ule upenyo. "Sikutaka kuwasumbua. Ila mwanangu wa Nizwa anauliza kama ni kweli Magret ni muuguzi."

"Nizwa?" Bi Ghaniya alihisi kiyoyozi kimemuingia mifupani. "Nizwa wamejuaje?"

"Nimewatumia sauti. Bi Turkiya simu yake imepokonywa, mtu kalemewa na huzuni, nikasema nimsaidie. Nimetuma kwa kina mama wa Ibra, wao wamepeleka Nizwa. Na Kaltham wa Ashkhara anasema picha yake kaiona. Ana nywele za dhahabu."

Rawya alilaza paji la uso kwenye usukani.

Tazameni sasa, wasomaji, mtego ulivyofunga! Mashariki yote ya Oman na nusu ya mkoa wa Dakhiliyah wanajua kwamba Badar wa Ibra kaoa Magret. Ukitaka kumsafisha Badar, sema ukweli: Magret ni Alya. Ukisema hivyo, kabla ya Isha habari itakuwa imeshavuka bahari, na jina la Alya litakuwa kwenye mdomo wa kila mwenye simu siku mbili tatu kabla ya jaji kuamua. Ukinyamaza, mwanao ni mtu aliyemwacha mke mjamzito akamjaza Mzungu mimba.

"Tuseme ni uongo," Rawya alisema alipopandisha kioo. "Tuseme hakuna Magret."

"Wamemsikia kwa masikio yao," Bi Turkiya alisema. "Ukikana, ndiyo watachimba. Wana Sur nawajua mimi. Watachimba mpaka wafike mahkamani."

Bi Ghaniya alitazama mbele, kwenye moshi. Alikuwa mtu wa heshima Ibra. Wanawake walikuwa wakija kwake kusuluhishwa na waume zao. Maisha yake yote hajasema uongo mkubwa, na uongo mdogo aliusema kuhusu umri tu.

"Hatutakana," alisema. "Na hatutasema uongo. Mkwe wangu, unaweza kunyamaza kidogo?"

"Siwezi."

"Basi useme nitakayosema mimi. Jifute uso. Tunashuka."

Waliingia ukumbini wameshikana mikono. Wageni waliokuwa wanazungumza wote wakanyamaza pamoja, kama redio iliyozimwa. Wanaume walikuwa wameshasogea mpaka mlango wa uani, miiko ya tende mikononi, na Bwana Muhanna alikuwa katikati yao, kofia imekaa upande, haelewi kitu.

Bi Ghaniya alisimama mahali anaposimama kusoma dua.

"Mmesikia jina," alisema. "Nami sitawaficha. Ndiyo. Magret yupo."

Mtu aliangusha kijiko.

"Anaishi na mwanangu Badar kwa ndoa ya halali, iliyofungwa na kadhi na kushuhudiwa. Ana mimba. Na mtoto aliyemo tumboni mwake ni mjukuu wangu, na atakayemsema vibaya Magret atakuwa amenisema mimi. Mimi nimemridhia."

Hapakuwa na neno moja la uongo. Rawya, nyuma yake, aliyapima yote kama wakili, na akaona hakuna hata moja la kumkamata.

Macho yote yakahamia kwa Bi Turkiya. Huyu ndiye mama wa mke mkubwa! Huyu ndiye aliyedhulumiwa! Kama kuna kupigwa mtu leo, atapiga yeye.

Bi Turkiya alifungua mdomo. Alifunga. Alivimba. Bi Ghaniya akambana vidole.

"Na mimi," Bi Turkiya alisema, kila neno likitoka kama jino, "nampenda Magret... kama mwanangu niliyemzaa."

"Ya Rabbi!" Bi Lamees alishika kifua. "Imani gani hiyo!"

"Wallahi kama niliyemzaa. Hakuna tofauti. Hakuna hata kidogo." Sasa lilikuwa limemkolea, na Bi Turkiya likimkolea jambo hasimami kwa urahisi. "Na akijifungua nitakwenda mwenyewe kumuogesha mtoto! Na Alya hana neno! Alya na Magret hawajagombana hata siku moja! Ukimuona Alya ndiyo umemuona Magret!"

"Yatosha," Bi Ghaniya alisema kwa meno yaliyofungwa.

Bibi mmoja wa Sur alianza kulia kwa kuguswa. Mwengine akasema wanawake wa zamani ndio wanawake, wa leo hawana subira. Mtu akapiga kigelegele, akajiuliza kama inafaa, akapiga cha pili. Halua ikazungushwa upya. Rawya alitoka uani, akajificha nyuma ya mtende mdogo na kucheka mpaka tumbo likamuuma, kisha akamtumia Alya ujumbe: *Siri ipo salama. Una mke mwenza. Ni wewe.*

Bi Ghaniya alikaa. Moyoni alikuwa na raha asiyoijua tangu ujana. Ameificha siri ya mkwe wake mbele ya watu wote bila kumdanganya mtu. Badar atasemwa, naam, mpaka Alkhamisi, pengine zaidi. Mwanamume akisemwa kwa wake wawili hafi. Atakuja kumuomba radhi mwanawe baadaye.

Ndipo alipoona watu wanapisha njia mlangoni.

Bwana Muhanna alikuwa anakuja. Mzee huyu, tangu waoane, alikuwa hasemi ukumbini ila akiulizwa, na akiulizwa hujibu "Muulizeni Mama Badar." Leo alikuwa anatembea kama kijana. Kofia aliivua, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Uso wake uling'aa kwa namna ambayo mkewe hakuwahi kuiona.

"Mama Badar," alisema, na watu wote wakasikia. "Umenifungua kifua. Miaka hii yote nilikuwa nikikuogopa bure."

"Ukiniogopea nini?" Bi Ghaniya aliuliza, bado anatabasamu kwa wageni.

"Nilidhani wewe ni mtu usiyekubali mambo haya. Kumbe una moyo mpana namna hii! Basi na mimi leo niseme langu, mbele ya wakwe, hapa hapa, kwa baraka zako." Akajikohoza. "Kuna mtu wangu huko Al Mintirib, kwa ndoa ya halali kama ya Magret. Anaitwa Rumaitha."

Tabasamu lilikuwa bado liko usoni kwa Bi Ghaniya. Hakujua alipeleke wapi.

"Nimeshampigia simu sasa hivi kumwambia umeridhia," Bwana Muhanna aliendelea kwa furaha. "Yuko njiani. Anakuja kukuamkia baada ya Magharibi."

Na nje, kutoka mnarani, muadhini wa Magharibi akakohoa kwenye kipaza sauti.